Msongo kwa Samaki Wanaofugwa: Uhusiano wa Bughudha za Ufugaji na Vifo vya Baadaye vya Sato katika Mabwawa na Vizimba

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna msongo unavyotokea katika mwili wa samaki anayefugwa, na kwa nini madhara yake huonekana siku au wiki kadhaa baada ya bughudha iliyousababisha. Mfano mkuu ni sato (*Oreochromis niloticus*), samaki anayefugwa katika mabwawa ya nchi kavu na katika vizimba vya Ziwa Viktoria. Hoja inayojengwa ni kwamba bughudha nyingi za ufugaji, kila moja ikitazamwa peke yake, hazimuui samaki. Hata hivyo, zinapofuatana kabla mwili haujarejea katika hali yake, gharama zake hujumlishana. Kwa kuwa daftari la mfugaji kwa kawaida huandikwa vifo na chakula bila kuandikwa bughudha, chanzo hicho hupotea, na lawama huangukia vifaranga, chakula au ugonjwa. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kwamba bughudha ihesabiwe na kuandikwa kama inavyohesabiwa gharama nyingine yoyote ya ufugaji.

1.0 Utangulizi

Hali ifuatayo ni ya kawaida katika ufugaji wa samaki. Mfugaji hununua vifaranga vya sato, huvisafirisha kwa saa kadhaa na kuvimimina bwawani. Jioni hiyo vifaranga huogelea, na kesho yake vichache tu huokotwa vikiwa vimekufa. Siku ya nne au ya tano vingine huanza kuelea, vikiwa na mabaka meupe ubavuni, mapezi yaliyochanika na matamvua yaliyopauka. Mfugaji huhitimisha kwamba aliuziwa vifaranga wagonjwa. Aliyeuza hujibu kwamba vifaranga walitoka kwake wakiwa hai na wenye nguvu. Huenda wote wawili wanasema kweli juu ya walichokiona, na bado chanzo cha vifo hakijatajwa.

Suala hili lina uzito unaozidi ugomvi wa muuzaji na mnunuzi. Sato, ambaye aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, sasa ndiye samaki mkuu wa vizimba katika nchi tatu zinazolizunguka ziwa hilo, yaani Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilikabidhi vizimba na boti kwa mkopo jijini Mwanza, jambo lililowaingiza katika ufugaji watu ambao awali walikuwa wavuvi. Mvuvi huyo anamjua samaki vizuri, lakini anamjua kama kiumbe wa kukamatwa. Kumshika samaki leo kwa ajili ya kumrudisha majini aishi miezi mingine sita ni kazi ya namna nyingine. Mkopo unapokuwa umewekezwa ndani ya kizimba kimoja, kutokujua kwa nini samaki wanakufa ni njia ya haraka ya kupoteza mtaji wote.

2.0 Dhana ya Bughudha na Dhana ya Msongo

Katika mazungumzo ya kila siku ya Kiswahili, neno msongo huambatana na mawazo, kiasi kwamba kulitumia kwa samaki kunaweza kuonekana ni kumpa samaki hisia za binadamu. Maana ya kisayansi haihitaji dhana hiyo. Mwaka 1936 Hans Selye alionesha kwamba panya waliopatwa na madhara ya aina tofauti kabisa, kama vile baridi, majeraha na sumu, walionesha mabadiliko ya mwili yanayofanana. Kutokana na hilo alieleza hatua tatu: mwili kushtuka, mwili kuhimili, na hatimaye mwili kuchoka iwapo tatizo haliondoki. Ingawa maelezo hayo yamerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, wazo lake la msingi limebaki, na limethibitika kuwafaa samaki.

Kwa madhumuni ya makala haya, bughudha ni tukio la nje linaloutikisa mwili wa samaki: wavu unaokokotwa, oksijeni inayopungua, ndege anayewinda juu ya bwawa, au samaki mkubwa anayemfukuza mdogo. Msongo ni hali ya ndani inayofuata, ambapo mwili hutumia nguvu za ziada ili kulinda uwiano wake. Tofauti hii ni ya lazima kwa sababu viwili hivi havina urefu sawa wa muda. Bughudha inaweza kudumu kwa nusu dakika, ilhali msongo unaotokana nayo unaweza kudumu kwa siku nyingi.

3.0 Namna Mwili wa Samaki Unavyoijibu Bughudha

Wataalamu wa fiziolojia ya samaki huligawa jibu la mwili katika hatua tatu. Hatua hizi haziachani kabisa, lakini mgawanyo huo unasaidia kueleza kwa nini madhara huchelewa.

3.1 Hatua ya kwanza: homoni

Samaki anapotishwa, ubongo hutuma ishara kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya neva. Seli za kromafini, ambazo kwa samaki wenye mifupa zimo katika sehemu ya mbele ya figo, humwaga adrenalini na noradrenalini ndani ya sekunde chache. Njia ya pili ni ya polepole kidogo. Haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo hutoa homoni iitwayo ACTH. Homoni hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye seli za interenali, ambazo pia zimo katika figo ya mbele, na seli hizo hutengeneza kotisoli. Kotisoli huanza kupanda ndani ya dakika chache. Kwa spishi nyingi hufikia kilele kati ya nusu saa na saa moja, kisha hushuka kwa muda wa saa kadhaa, mradi bughudha haikurudiwa.

3.2 Hatua ya pili: sukari, misuli na chumvi

Homoni hizo zina kazi ya kumpa samaki uwezo wa kukimbia. Ini huachilia glukosi katika damu. Moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi, na matamvua hupitisha damu nyingi ili kuchukua oksijeni zaidi. Misuli inapofanya kazi kupita oksijeni iliyopo, laktati hujikusanya.

Hapa ndipo samaki wa maji baridi hulipa gharama ambayo mnyama wa nchi kavu hailipi. Damu ya sato ina chumvi nyingi kuliko maji anamoishi. Ukolezi wake unakaribia ule wa gramu 9 za chumvi kwa lita moja ya maji. Kwa hiyo, wakati wote maji huelekea kuingia mwilini mwake na chumvi huelekea kutoka, na mahali pakuu pa mapito hayo ni matamvua. Matamvua yanapofunguka zaidi ili kuruhusu oksijeni, huruhusu pia maji kuingia na chumvi kupotea. Samaki aliyefukuzwa na wavu kwa dakika kumi hurudi majini akiwa na kazi mbili: kuondoa laktati na kurejesha chumvi. Kazi zote mbili hutumia nguvu ambazo zingetumika kukua.

3.3 Hatua ya tatu: kinga, ukuaji na uzazi

Kotisoli inayobaki juu kwa muda mrefu hubadilisha mgawanyo wa nguvu za mwili. Hamu ya kula hupungua, protini za misuli huvunjwa ili kutengeneza sukari, na idadi ya limfosaiti katika damu hushuka. Pickering na Pottinger walionesha mwaka 1985 kwamba trauti waliopewa kotisoli walishambuliwa na magonjwa kwa urahisi zaidi, hata pale ambapo jumla ya chembe nyeupe za damu haikupungua. Matokeo hayo yana maana kubwa, kwa kuwa yanaonesha kwamba homoni yenyewe inatosha kufungua mlango wa ugonjwa, bila kuongeza kimelea kipya majini.

Bakteria wa jenasi *Aeromonas* hupatikana kwa kawaida katika maji ya mabwawa na maziwa. Huishi pamoja na samaki wenye afya bila kuleta madhara yanayoonekana. Kinga ya samaki inaposhuka, na hasa ute wa ngozi na magamba vinapokuwa vimekwanguliwa na wavu, bakteria hao hupata pa kuingilia. Vivyo hivyo kwa viumbe wanaofanana na kuvu, ambao huota juu ya majeraha kama pamba. Mabaka meupe ya siku ya nne, basi, ni ugonjwa wa kweli; lakini ugonjwa huo ni mwisho wa mnyororo ulioanza siku ya kwanza.

Uzazi nao huathirika. Jike la sato hutunza mayai na vifaranga kinywani. Anapobughudhiwa mara kwa mara, anaweza kuyatema mayai au kuyameza, na kituo cha kuzalisha vifaranga hupungukiwa na mazao bila kuona hata samaki mmoja aliyekufa.

4.0 Kujumlishana kwa Bughudha

Swali linalofuata ni iwapo samaki huizoea bughudha. Utafiti unatoa jibu lenye pande mbili. Mwaka 1986 Barton na wenzake waliwashika samoni wachanga wa aina ya chinook kwa sekunde 30 tu, mara moja kwa baadhi yao, na mara mbili au tatu kwa wengine, wakiacha saa tatu kati ya mara moja na nyingine. Kotisoli ya walioshikwa mara tatu ilipanda kuliko ya walioshikwa mara moja. Kila bughudha iliongezwa juu ya ile iliyotangulia, kwa kuwa ilifika kabla mwili haujamaliza kujirekebisha.

Muda wa kujirekebisha nao ni mrefu kuliko inavyodhaniwa. Pickering na wenzake (1982) waliripoti kwamba trauti walioshikwa kwa dakika mbili walihitaji takriban wiki mbili hadi vipimo vyote vya damu virejee katika hali ya kawaida, ingawa walianza kula vizuri mapema zaidi. Samoni na trauti ni samaki wa maji ya baridi, na haifai kuhamishia takwimu zao kwa sato wa maji ya joto bila uangalifu. Kinachohamishika ni kanuni: samaki kuanza kula si ushahidi kwamba amepona.

Kwa upande wa sato mwenyewe, Moreira na Volpato (2004) waliwawashia samaki taa kabla ya kuwabana mahali finyu, wakarudia zoezi hilo kwa siku kadhaa. Baadaye taa ilipowashwa peke yake, bila kubanwa, kotisoli ilipanda. Samaki alikuwa amejifunza. Matokeo hayo yana upande wa pili wenye manufaa: kiumbe anayejifunza kuogopa ishara ya taabu anaweza pia kuzoea ishara ya jambo lisilo na madhara. Mfugaji anayelisha kwa saa ileile, mahali palepale na kwa mwendo uleule, humpunguzia samaki matukio ya kushtukiza. Ndiyo maana jibu la swali la mazoea lina pande mbili: samaki huweza kuzoea kinachotabirika na kisichomdhuru, lakini hazoei kunyimwa oksijeni wala kukwanguliwa ngozi.

5.0 Vyanzo vya Bughudha katika Ufugaji wa Sato

5.1 Kushikwa na kusafirishwa

Vifaranga husafirishwa katika mifuko ya plastiki ambayo kwa kawaida theluthi moja yake ni maji na sehemu iliyobaki ni oksijeni. Kwanza huachwa bila chakula kwa takriban siku moja ili tumbo liwe tupu, wapumue kidogo na wasichafue maji. Ndani ya mfuko uliofungwa, kabonidioksaidi inayotokana na kupumua huyafanya maji kuwa na asidi kiasi, na asidi hiyo huiweka amonia katika umbo lisilo na sumu kali. Mfuko unapofunguliwa, kabonidioksaidi hutoka, asidi hupungua, na sehemu ya amonia hugeuka kuwa sumu kali. Mfugaji anayefungua mifuko yote kwanza, kisha akaiacha kwa muda mrefu ikiwa wazi, huwaweka vifaranga katika hatari wakati akidhani kwamba anawapa hewa. Utaratibu ulio salama ni kuielea mifuko bwawani ikiwa imefungwa kwa dakika 15 hadi 30 ili joto lilingane, kisha kuifungua mmoja mmoja, kuongeza maji ya bwawa kidogokidogo na kuwaachia vifaranga watoke wenyewe.

Maelezo ya sehemu ya 3.2 yanaonesha pia kwa nini chumvi ya kawaida husaidia. Gramu chache za chumvi kwa kila lita ya maji ya kusafirishia hupunguza tofauti kati ya damu ya samaki na maji, hivyo samaki hupoteza chumvi kidogo na hutumia nguvu kidogo kuirejesha. Chumvi hapa si dawa ya kuua vimelea. Ni nafuu ya gharama.

5.2 Maji

Sato anasifika kwa ustahimilivu. Kwa muda mfupi huweza kuishi katika maji yenye oksijeni chini ya miligramu 1 kwa lita. Sifa hiyo huwapotosha wafugaji, kwa kuwa kuishi si sawa na kutokuwa na msongo. Katika bwawa lililorutubishwa sana, oksijeni hushuka usiku kwa sababu mwani nao hupumua, na hufika chini kabisa karibu na mapambazuko. Samaki wanaoonekana wakihema juu ya maji alfajiri huwa wametulia kufikia saa nne asubuhi, na mfugaji anayefika saa hiyo haoni dalili yoyote.

Katika vizimba, hatari kubwa zaidi hutoka chini. Upepo unaweza kuyapandisha maji ya kina kirefu yasiyo na oksijeni hadi yalipo makazi ya samaki. Samaki wa ziwani huyakimbia. Wa kizimbani hawana pa kukimbilia. Mwishoni mwa mwaka 2022 wafugaji wa vizimba katika Kaunti ya Kisumu, nchini Kenya, walipata hasara kubwa kutokana na vifo vilivyohusishwa na upungufu wa oksijeni. Vifo vya namna hiyo huonekana na kila mtu. Visivyoonekana ni vipindi vifupi vya upungufu ambavyo haviui, lakini huwaacha samaki wakiwa wamedhoofika siku ambayo mfugaji amepanga kuwachambua kwa ukubwa.

5.3 Samaki wenzake

Sato hujipanga kwa ngazi za ubabe. Mnyonge hufukuzwa kwenye chakula, huumwa mapezi na kuishi katika msongo wa kudumu, hata maji yakiwa safi. Macho na mwili wa sato aliyeshindwa huwa na rangi nyeusi zaidi, dalili ambayo mfugaji anaweza kuisoma kwa macho bila kifaa. Kuchambua samaki kwa ukubwa hupunguza ubabe huo, lakini uchambuzi wenyewe ni bughudha. Uamuzi wa kuchambua, kwa hiyo, ni wa kulinganisha gharama mbili, na haufai kufanywa kwa mazoea ya kalenda peke yake.

6.0 Ugumu wa Kupima Msongo

Mtafiti anayetaka kupima msongo hukabiliwa na tatizo la msingi: kumshika samaki ili kumtoa damu ni bughudha. Ndiyo sababu damu ya kupima hali ya utulivu hutakiwa kuchukuliwa ndani ya dakika chache za mwanzo, kabla kotisoli haijapanda. Dawa za ganzi husaidia, yakiwemo mafuta ya karafuu, zao linalojulikana sana Unguja na Pemba, ambayo kiini chake ni eujenoli. Hata hivyo, ganzi yenyewe huweza kulibadilisha jibu la kotisoli, na kipimo kikizidi huua.

Tatizo la pili ni la tafsiri. Samaki aliyekaa katika msongo kwa muda mrefu anaweza kuonesha kotisoli ya kawaida, na anapobughudhiwa tena hutoa jibu dhaifu kuliko samaki mwenye afya. Kotisoli ndogo inaweza kumaanisha utulivu au uchovu. Kipimo kimoja cha damu, bila historia ya samaki huyo, hakitoshi kuamua ni lipi kati ya hayo mawili. Historia hiyo haipo maabara. Ipo kwa mfugaji, ikiwa aliiandika.

7.0 Kuandika Bughudha

Daftari la kawaida la ufugaji lina safu za tarehe, kiasi cha chakula, idadi ya vifo na pengine joto la maji. Daftari la namna hiyo likipelekwa kwa mtaalamu baada ya vifo vya siku ya tano, litamwonesha kwamba samaki walianza kufa siku ya tano. Halitamwonesha kwamba siku ya kwanza walivuliwa kwa wavu, siku ya pili walipimwa uzito, na alfajiri ya siku ya tatu walihema juu ya maji. Mtaalamu ataona bakteria kwenye darubini na kuandika dawa ya bakteria. Viuavijasumu vitatolewa, gharama itaongezeka, usugu wa vimelea utapata nafasi, na mwezi unaofuata mlolongo uleule utajirudia.

Safu moja ya ziada ingebadilisha hali hiyo. Katika safu hiyo mfugaji angeandika kila tukio lililowatikisa samaki: kuvua, kupima, kuchambua, kubadilisha wavu wa kizimba, dhoruba, kuhema alfajiri au kuvamiwa na ndege. Kwa safu hiyo, maamuzi matatu huwa rahisi. Kwanza, kazi mbili za kuwashika samaki zinaweza kuunganishwa ziwe moja. Pili, kazi inaweza kuahirishwa iwapo siku zilizotangulia zilikuwa na bughudha isiyoepukika. Tatu, vifo vinapotokea, uchunguzi huanza kwa kuangalia siku zilizopita kabla ya kumtuhumu muuzaji wa vifaranga. Safu hiyo haithibitishi kwamba msongo ndio chanzo; vifaranga wabovu na milipuko halisi ya magonjwa vipo. Inachofanya ni kuliweka swali mezani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba jibu la mwili wa samaki kwa bughudha huanza kwa sekunde, lakini gharama zake katika chumvi, kinga, ukuaji na uzazi hulipwa kwa siku na wiki. Kutokana na uchelewaji huo, chanzo na matokeo hutengana machoni pa mfugaji. Aidha, imeoneshwa kwamba bughudha hujumlishana zinapofuatana kwa karibu, kwamba ustahimilivu wa sato huficha msongo bila kuuondoa, na kwamba kipimo cha kotisoli hakiwezi kusimama bila historia ya samaki. Utafiti unaofuata unapaswa kupima muda ambao sato wa vizimba vya Ziwa Viktoria huhitaji kupumzika baada ya kuchambuliwa, katika majira tofauti ya upepo na joto, kwa kuwa kanuni nyingi zinazotumika zimetokana na samaki wa maji ya baridi. Wakati utafiti huo ukisubiriwa, kuandika bughudha kunahitaji kalamu na daftari ambavyo mfugaji tayari anavyo.